Msomaji Asiyependa Kuharakishwa: Namna ya Kumchagulia Riwaya

Kuna msomaji ambaye ukimpa riwaya inayoanza na maiti ukurasa wa kwanza, atakurudishia kesho yake asubuhi. Si mwoga, wala si mvivu wa kusoma. Hapendi kuvutwa mkono. Anataka mwandishi amkaribishe ndani, amtajie waliomo nyumbani, amwache azizoee sauti zao, kisha mambo yatokee kwa wakati wake. Msomaji huyu hupata tabu, kwa sababu karibu kila anayemshauri humwambia, "Chukua hiki, ukikianza hulali!" Naye anataka kitabu kitakachomwacha alale, ili kesho baada ya alasiri akifungue tena na kukikuta palepale alipokiachia.

Nilisomesha Kiswahili sekondari hapa Lamu mpaka nikastaafu, na kabati la vitabu lililo ukumbini kwangu, Mkomani, nimeliacha wazi kwa anayetaka kuazima. Huja wauguzi, huja vijana waliomaliza shule na bado wanatafuta kazi, huja akina mama ambao watoto wao wameshaolewa na sasa wana nafasi, na huja ami mmoja aliyekuwa nahodha. Wengi wao ni wasomaji wa utulivu, hata kama hawajalijua hilo wenyewe. Nimeona niandike ninavyowachagulia, maana kumpa mtu wa namna hii kitabu kisichomfaa ni kumfanya aamini kwamba riwaya si zake.

Usiulize mada, uliza mwendo

Swali tulilolizoea ni, "Unapenda hadithi za nini? Za mapenzi? Za siasa?" Jibu lake halikufikishi mbali. Mtu atakwambia anapenda hadithi za ndoa, utampa ya ndoa, naye ataichukia, kwa kuwa ile aliyoipenda ilisimuliwa taratibu na hii uliyompa ni fumanizi juu ya fumanizi. Kinachomfunga na kitabu ni mwendo wa msimulizi. Mada hufuata nyuma.

Mimi huulizia mambo matatu, katika mazungumzo, tukiwa tunakunywa kahawa. La kwanza: ni kitabu gani umewahi kukisoma tena hali ya kuwa unajua mwisho wake? Akikitaja kimoja tu, tayari ameshaniambia mengi. Hapa kwetu si jambo geni. Maulidi husomwa msikiti wa Riyadha kila mwaka, na hakuna anayekwenda ili ajue kilichotokea. Utendi wa Mwana Kupona, aliomtungia binti yake mwaka 1858 naye akiwa hajiwezi kwa ugonjwa, wanawake wa pwani hii wameurithishana vizazi kwa vizazi, wengine wakiusoma kwa ghibu, na bado wakiusikia hutulia. Masikio yaliyolelewa hivyo hayahitaji kushtuliwa ndipo yasikilize.

La pili: kitabu ulichokiacha njiani, ulikiachia wapi? Akisema, "Walipoanza kuuana," nimemjua. Akisema, "Majina yalinichanganya," hapo tatizo si mwendo, ni wingi wa watu, na dawa yake ni riwaya yenye watu wachache. Usizichanganye hali hizi mbili.

La tatu: unasoma saa ngapi, na umekaa wapi? Muuguzi anayevuka kwa boti kwenda Mokowe asubuhi ana dakika chache, tena huku maji yakimrukia. Huyo anataka sura fupi, kila moja ikiwa na mwisho wake. Yule ami wangu nahodha hukaa barazani toka alasiri mpaka magharibi, na anaweza kukibeba kitabu cha mamia ya kurasa bila kulalamika. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wengi wakabaki nyumbani, ndipo ninapovitoa vile vinene.

Kikague kitabu kabla hujakitoa

Maneno ya jalada la nyuma usiyafuate. Huandikwa na muuzaji, na muuzaji huogopa kuwaambia watu kwamba kitabu kinakwenda polepole. Kifungue mwenyewe, kiasi cha robo hivi, si mwanzoni, kwa sababu mwanzo waandishi wengi huujaza mbwembwe. Soma kurasa mbili ukiwa umesimama. Watu wanafanya nini humo? Wakiwa wanatwanga, wanasuka, wanalima, wanaamkiana na salamu yao imeandikwa mpaka mwisho wake, uko mahali pazuri. Halafu tazama sura tatu au nne zinavyomalizika. Sura inayoishia mlango ukigongwa usiku wa manane imetengenezwa ili msomaji asifunge kitabu. Sura inayoishia wageni wakiaga na mwenyeji akirudi ndani kukunja jamvi imeandikwa na mtu anayemwamini msomaji wake.

Lakini tahadhari. Utulivu si kukosa mambo. Wali ukishapaliwa makaa, aliyesimama jikoni haoni kinachotokea, ila chini ya kifuniko kazi inaendelea, na asiyejua kupika ndiye anayefunua kila mara. Kwa hiyo katika kurasa zile mbili jiulize: kuna mtu hapa anayetaka kitu na hawezi kukisema? Kama yupo, basi kitabu kina moto. Kama hayupo, hicho ni kitabu kitupu, na msomaji wa utulivu huutambua utupu upesi kuliko mtu yeyote.

Ninachokitoa kwanza

Kama mtu ana nafasi na ana subira, simpi kingine kabla ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi wake ni Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, na kwa miaka mingi hakikupata wa kukichapisha. Mwishowe akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, juzuu mbili. Mwaka uliofuata akafariki. Ninapokitoa kabatini huwa namweleza msomaji habari hii, kwa sababu kitabu kilichosubiri namna ile kinastahili msomaji anayejua kusubiri.

Kisa chenyewe: mume na mke hawajapata mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanaudhika, wanamchukua binti yao. Mume anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi ndipo wamrudishie. Basi tunakaa naye katika kazi ya kuipata pombe hiyo, ndizi, vyombo, majirani wa kumsaidia, hatua kwa hatua. Msomaji mwenye haraka atauliza lini tutafika. Msomaji wetu ataona kwamba hapo ndipo penyewe. Myombekere hatolei hotuba za mapenzi. Anafanya kazi aliyotozwa, na sisi tunaiona ikifanyika, na kufikia mwisho wa kazi ile tunajua anavyomtaka mkewe. Ami wangu nahodha aliniuliza kama pombe yote ile ilikuwa ya lazima. Nikamwambia kwao ndiyo faini ya kupatana, aisome kama sisi tunavyosoma habari za mahari. Akaridhika, akaendelea.

Kuna jambo jingine ninalolipenda mno. Ntulanalwo na Bulihwali ni watoto wa watu hawa wawili, na majina yao yamo katika jina la kitabu. Yaani mwandishi amekwisha kukwambia, kabla hujafungua, kwamba watoto watapatikana. Hakuficha kitu. Ameiondoa hamu ya "je, watapata?" na kukuachia hamu iliyo nzito zaidi, ya kutazama watu wakiishi siku zao. Ukimpa mtu kitabu hiki mwoneshe hilo jalada kwanza. Akitabasamu, mwache aende nacho. Akisema, "Sasa kuna haja gani ya kusoma?" kirudishe kabatini kwa amani, umpe kingine.

Mawili ya kumwambia kabla hajaondoka. Kitabu kimejaa desturi, dawa, mitego, uvuvi na kilimo cha Ukerewe, na kuna mahali maelezo yanakuwa marefu kweli. Mruhusu apitishe macho, hatapoteza uzi. La pili ni la kutumia busara: mwanamke ambaye amehangaika miaka kutafuta mtoto asikikute kitabu hiki bila kuambiwa. Wako wanaopata faraja humo, wako ambao kitawatonesha. Mwambie waziwazi kinahusu nini, mwache aamue mwenyewe.

Vingine ninavyovitegemea

Utubora Mkulima cha Shaaban Robert kilichapishwa mwaka 1968, baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962. Mtu anaacha kazi ya mshahara Unguja anakwenda shamba kulima. Ni kitabu kifupi, kina jua la asubuhi ndani yake, na lugha yake ni ya kusomwa kwa sauti. Tatizo ni kwamba Shaaban Robert hapendi kuacha jambo bila kutoa nasaha. Msomaji aliyezoea tenzi hufurahi, maana nasaha kwake ni sehemu ya utamu. Kijana aliyechoshwa na mawaidha ya shule anaweza kununa. Huyo mpe Wasifu wa Siti Binti Saad wa mwandishi huyohuyo, wa mwaka 1958. Si riwaya, ni maisha ya kweli ya mwanamke wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu mjini, kisha sauti yake ikamfikisha Bombay kurekodi santuri. Hata hivyo kinasomeka kama riwaya, na wale wanaosema "mimi si mtu wa riwaya" huingilia mlango huo.

Kwa wanawake wazima, na kwa mwanamume yeyote anayetaka kujua wanawake wanazungumza nini wakiwa peke yao, kuna Barua Ndefu Kama Hii. Mariama Bâ wa Senegal alikitoa kwa Kifaransa mwaka 1979, na mwaka 1980 akawa mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Noma, ya vitabu vya Afrika. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Clement Maganga. Ramatoulaye amefiwa na mumewe, yuko edani, na katika ile miezi minne na siku kumi anamwandikia rafiki yake Aissatou. Kitabu kizima ni hicho. Hatoki nyumbani, na dunia nzima inapita mle ndani: ndugu wa marehemu, mazishi, mke wa pili ambaye alikuwa rafiki wa binti yake mwenyewe. Hapa Lamu hakihitaji maelezo. Jirani yangu mmoja alikisoma akasema, "Huyu mama ningemjua hata gizani." Nakitaja kuwa kitulivu ingawa kina uchungu mwingi, kwa sababu uchungu wake umeshapoa kiasi cha kuweza kuandikwa. Usimpelekee mwanamke aliye edani isipokuwa yeye mwenyewe amekiomba.

Kwa anayetaka pwani yetu ya zamani, kuna Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948 na mshindi wa Nobeli ya fasihi ya mwaka 2021, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis amekifasiri kwa Kiswahili. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na hajui kwamba yeye ndiye rehani. Msomaji anajua kabla yake, na Gurnah hapigi kelele. Anatuacha tumtazame mtoto akizoea duka, akiipenda bustani yenye ukuta, akisafiri bara na msafara. Mwendo ni wa taratibu, ila mambo yenyewe ni mazito, na mwisho hauna faraja ya wazi. Mweleze msomaji hivyo. Usimwambie "ni kitamu sana" ukanyamaza.

Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, naitoa kwa masharti. Sehemu yake ya kwanza, ndiyo ndefu kuliko zote, ina viazi vikuu, mashindano ya mieleka, mashauri ya wazee, na humo msomaji wetu yuko nyumbani. Baadaye kitabu kinabadili hatua, na kinabadili kwa haki, maana ndilo jambo lililowapata watu wale. Asiyependa kumpoteza mtoto ndani ya kitabu aambiwe kwamba humo yupo wa kumlilia.

Wanaosoma Kiingereza vizuri wana nafasi pana zaidi, tena vile vya zamani vimeshatoka katika hakimiliki na hupatikana bure na kwa halali kwenye intaneti, kwa hiyo muuguzi wangu wa Mokowe huvisoma kwenye simu. Yeye nilimpa The Country of the Pointed Firs cha Sarah Orne Jewett, cha mwaka 1896. Ni mji wa bandari kaskazini mwa Marekani, bandari ambayo merikebu zimeipungukia. Mwandishi mwanamke anakuja kukaa kiangazi kimoja, anapanga kwa Bi Todd ambaye ni mganga wa miti shamba, anawasikiliza manahodha wazee, anavuka kwenda kisiwani kumwamkia mama yake Bi Todd aliyekwisha kupita miaka themanini. Hakuna zaidi, na hakipungukiwi na kitu. Sijaona kitabu cha mbali kinachoingia Lamu kwa urahisi kama hicho. Cranford cha Elizabeth Gaskell, cha mwaka 1853, nacho kina sura fupi na mji wa wanawake wanaosetiriana umaskini: benki inafilisika, bibi mmoja mpole anapoteza akiba yake, anaanza kuuza chai, na marafiki zake wanachanga kwa siri ili asione haya. Anayetaka familia kubwa na nyumba yenye madirisha ya mbao yaliyotobolewa, apewe Palace Walk, ile riwaya ya Kairo ya Naguib Mahfouz iliyotoka kwa Kiarabu mwaka 1956, ya kwanza katika riwaya zake tatu zinazofuatana, inayoanza na Amina akiamka katikati ya usiku kumngoja mumewe. Hiyo ni ya msimu wa kusi. Bado ina haki zake, itafute ya kununua au ya kuazima.

Vinavyodanganya kwa umbo

Wembamba wa kitabu si utulivu. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, ni chembamba, kina lugha nyepesi, na ndicho kinachochukuliwa kwanza na anayechagua kwa kupima kwa mkono. Ni kitabu kikubwa kwa thamani, na ningependa kila mzazi mwenye binti akisome. Lakini kinakwenda mbio kuelekea msiba na hakimwachi mtu apumue. Utengano cha Said Ahmed Mohamed ni hivyohivyo, na tuliokisomesha darasani tunajua jinsi wanafunzi wanavyokisoma kwa mkupuo mmoja. Vuta N'kuvute cha Adam Shafi kina Unguja ya zamani iliyochorwa vizuri ajabu, na msomaji anayependa mitaa na sauti zake atakifurahia, ila mikasa yake inafuatana. Hivi ni vitabu vya siku nyingine. Usimpe msomaji mtulivu kama cha kwanza kwa sababu tu ni maarufu.

Namna ya kukikabidhi

Mpe kimoja. Ukimpa vinne anakuwa na mtihani, na atachagua chenye jalada zuri. Usimsimulie kisa. Mfungulie ukurasa mmoja unaoupenda, umsomee aya moja kwa sauti, unyamaze. Mwendo husikika kwa sikio upesi kuliko unavyoweza kuelezwa, na aya moja ya Kitereza itamwambia yote ambayo mimi ningezunguka nayo robo saa.

Mwambie ukweli kuhusu mwanzo. "Utakaa na ugomvi wa wakwe kurasa nyingi, usiwe na wasiwasi." "Huyu bibi ataanza na mazishi." Msomaji aliyeonywa huvumilia, asiyeonywa hudhani kosa ni lake. Pia mpe ruhusa ya kukirudisha bila kueleza. Halafu usimfuate. Kumuuliza mtu "umefikia wapi?" kila mnapokutana sokoni ni kumharakisha, na ulishajua kwamba kuharakishwa ndiko asikokupenda.

Kama macho yake yamechoka, tafuta mjukuu wa kumsomea. Vitabu tulivu ndivyo vinavyofaa zaidi kusomwa kwa sauti baada ya isha, kwa kuwa aliyelala katikati hapotezi njia, na kesho ataeleweshwa kwa sentensi mbili. Utubora Mkulima na Wasifu wa Siti Binti Saad ni bora kwa kazi hii.

Akirudisha kitabu, usiulize kama kilimpendeza. Muulize ni nani aliyebaki naye. Jina atakalolitaja ndilo litakalokuchagulia kinachofuata. Akimtaja Bugonoka na masimango aliyovumilia, mpe Ramatoulaye. Akitaja mganga na dawa zake, mpeleke kwa Bi Todd. Akimtaja Yusuf na ile bustani, mpe By the Sea ya Gurnah huyohuyo kama anasoma Kiingereza. Na akisema hakumpenda mtu yeyote humo ila alipenda zile kurasa za kutengeneza pombe ya ndizi, mpe juzuu ya pili.